Nenda, Lakini Usiende na Uongo

Somo: Mwanzo 12:1–20, 13:1–4, Luka 14:28–30

 

Siku hizi karibu kila ibada mtu ananijia na ombi la viza. Na si vijana peke yao. Kuna mwalimu aliyekaa darasani miaka 16, sasa anataka kusomea afya ya jamii Uingereza. Kuna ndugu wa benki anayetaka kuwa muuguzi. Watu wa miaka 40 wanarudi kuwa wanafunzi ili waanze kazi nyingine, na wengine mnawacheka ati wamechelewa. Hebu fungua Mwanzo 12:4. Abramu alipotoka Harani alikuwa na miaka 75! Kwa hivyo umri si shida. Mungu wetu anatembea na watu wanaohama.

Lakini usifunge Biblia hapo. Endelea mpaka aya ya 10. Njaa inaingia nchini, Abramu anashuka Misri, na kabla hawajafika anapanga maneno na mkewe: akiulizwa, aseme yeye ni dada yake. Mtu wa imani anaenda kuulizwa maswali, na tayari amebeba uongo.

Sasa sikiliza vizuri. Uongo ule ulifanya kazi! Farao alimpa kondoo, ng'ombe, punda na ngamia. Ungekuwa ushuhuda wa Jumapili, tungepiga makofi na vigelegele. Lakini Sarai alikuwa wapi? Alikuwa nyumbani kwa Farao. Mali imeingia, mke ametoka. Tena angalia hili: Shekemu Abramu alijenga madhabahu, karibu na Betheli akajenga nyingine. Misri hatusomi kwamba alijenga hata moja. Ukiingia mahali kwa uongo, hata kuomba kunakuwa kugumu.

Majuzi yule mwalimu, mama wa ushirika wetu, aliniletea bahasha. (Amenipa ruhusa niseme.) Akaniambia, "Pasta, naomba uipake mafuta." Nikamuuliza ndani kuna nini. Akanyamaza, halafu akaeleza. Uingereza wanataka pesa za karo na za kuishi ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Yeye hakuwa nazo. Ajenti akamwekea pesa za kuonyesha tu. Siku zikatimia, karatasi ya benki ikachapishwa, pesa zikaondoka, na yeye akabaki na deni la kumlipa ajenti. Alikuwa amefunga siku tatu akiiombea karatasi hiyo.

Nikamwambia, "Mama, hii siwezi kuipaka mafuta. Mungu hawekwi muhuri juu ya uongo." Wakikugundua, Uingereza wanaweza kukufungia mlango miaka 10. Kanada ni miaka 5. Na wasipokugundua? Utafika huko mikono mitupu, na Uingereza mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kufanya kazi masaa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula. Kodi ya nyumba haitangoja. Uongo wa kwanza utazaa wa pili.

Basi tukakaa chini kama yule mtu wa Luka 14 aliyetaka kujenga mnara. Tukahesabu karo, chakula, nyumba, na ada ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka. Halafu tukafika kwa watoto. Alikuwa amewaahidi kwamba watamfuata baada ya miezi michache. Lakini tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili hawaruhusiwi kwenda na mume wala watoto. Hapo ndipo alilia. Na mzee wa nyumbani? Habari ya deni hakuwa nayo kabisa.

Alirudi nyumbani akamwambia mumewe yote. Wiki iliyofuata walikuja wawili, na ile karatasi aliichana mwenyewe mbele yetu. Mwaka huu hasafiri. Anatafuta ufadhili wa masomo, na deni wanalilipa pamoja. Hajapata viza, lakini amepata usingizi.

Wewe unayejiandaa, fanya mambo matatu. Kwanza, hesabu na mwenzako, si na ajenti peke yake. Pili, uliza chuo chenyewe: je, kozi hii itanifikisha kwenye kazi ninayoitaka, au bado kuna leseni na mitihani mbele? Tatu, kila karatasi unayobeba iwe ile unayoweza kuisoma kwa sauti hapa madhabahuni bila kutetemeka.

Na kama tayari uko ng'ambo, na nduguyo amekutumia jarida hili, na unajua uliingiaje, usikate tamaa. Mwanzo 13 inasema Abramu alitoka Misri akarudi mpaka Betheli, mahali pa ile madhabahu aliyoijenga hapo mwanzo, na akaliitia jina la Bwana pale. Mlango wa kurudi kwa Mungu haujafungwa. Anza na kweli. Tafuta mtu anayejua sheria ya huko, mweleze hali yako yote, na ukubali gharama yake.

Tuombe: Bwana, utupeleke unakotaka, na utupe ujasiri wa kusema kweli tukiulizwa. Tusipate ngamia tukapoteza nyumba zetu. Katika jina la Yesu. Amina.