Chumba cha Elisha, Choo cha Mama

Somo: 2 Wafalme 4:8–10, Kumbukumbu la Torati 22:8

Kila Alhamisi mimi na mzee mmoja wa kanisa huzunguka kuwapelekea Chakula cha Bwana wale wasioweza tena kufika ibadani. Wiki iliyopita tulifika kwenye nyumba moja hapa mlimani, nzuri kwelikweli: bati la rangi, madirisha ya vioo, vigae vyeupe vinavyong'aa tangu barazani hadi chooni. Watoto walichangishana, wakaijenga, wakamkabidhi mama yao sikukuu ya Krismasi. Tulipobisha hodi, sauti iliitikia kutoka nyuma. Mama alikuwa amerudi kulala katika chumba cha jiko la zamani, chenye sakafu ya saruji iliyokwaruzika na kitanda kifupi cha mbao.

Nilimwuliza kulikoni. Alinyamaza, akajifunga khanga vizuri, kisha akasema, "Mchungaji, nyumba ya wanangu naipenda. Ila kule naogopa kutembea."

Alikuwa ameteleza mara mbili akitoka kuoga. Mara ya pili alishindwa kuinuka. Alikaa sakafuni, nguo zimelowa, hadi mjukuu alipoleta maziwa asubuhi. Watoto hakuwaambia. Wamejinyima kwa ajili ya ile nyumba; angewaambiaje kwamba inamwangusha?

Nilitoka pale nikiwa na uchungu, kwa sababu siku ya kuibariki ile nyumba niliyeomba ni mimi. Nilipita kila chumba na Biblia mkononi, nikasifu vigae. Chooni nilisimama mlangoni tu.

Tangu Alhamisi hiyo nimekuwa nikimsoma yule mwanamke wa Shunemu. Alimwona nabii Elisha akipita mara kwa mara, akazungumza na mumewe, wakamtengenezea chumba kidogo cha juu. Mwandishi angeweza kusema tu kwamba alimkaribisha vizuri, yakaisha. Lakini anahesabu vyombo: kitanda, meza, kiti, kinara cha taa. Mwanamke yule aliona mgeni anakuja amechoka, anahitaji pa kulala, pa kuweka vitu vyake, pa kukaa, na mwanga wa kuonea. Chumba kilimfuata mtu. (Elisha bado alikuwa na miguu ya kupandia. Mzazi wako wa miaka themanini usimpe chumba cha ghorofani.)

Torati nayo iliwaagiza Waisraeli kwamba ajengaye nyumba mpya azungushie paa ukuta mfupi, kwa kuwa watu walikaa juu yake, ili mtu asianguke na nyumba ikabeba hatia ya damu. Naona Mungu hasubiri mtu aanguke ndipo amwite fundi. Mahali pa kujishikilia ni sehemu ya nyumba, kama mlango ulivyo.

Wala kuanguka si jambo dogo. Kuhani Eli alikuwa na miaka 98, macho yamekufa nuru, alipoanguka chali kutoka kitini akavunjika shingo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wenye umri wa zaidi ya miaka 60 ndio wengi kuliko rika lolote. Hapa kwetu tunasema bibi aliumwa nyonga, akalala, akapata kichomi. Mara nyingi ugonjwa huo ulianzia kwenye sakafu yenye maji.

Basi tuanzie chooni. Fundi achimbie bomba la chuma ukutani, karibu na choo na pale anapoogea, liwe imara la kubeba uzito wa mtu mzima. Chuma cha kutundikia taulo hung'oka. Sakafu iwe na vigae vya kukwaruza visivyoteleza, au saruji isiyopigwa niru, na mteremko unaopeleka maji yote kwenye tundu. Kama choo ni cha kuchuchumaa, seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu cha kuweka juu yake. Mama zetu wanapunguza kunywa maji ili wasiende chooni usiku. Ukilisikia hilo kwa mama yako, elewa kwamba choo kimemshinda.

Kitanda kiwe cha kimo ambacho akikaa ukingoni nyayo zinakanyaga chini vizuri. Kochi linalozama lipishe kiti kigumu chenye mikono, ili apate pa kujisukumia. Kizingiti kilichoinuka kisawazishwe, zulia linalojikunja liondolewe, na swichi ya taa iwe pale mkono unapofika kabla hajashuka kitandani, maana jicho la uzeeni linadai mwanga mwingi kuliko letu.

Na huku kwetu kuna baridi. Mfalme Daudi uzeeni alifunikwa nguo nyingi asipate joto. Wazee wetu nao wanatetemeka. Wapeni blanketi zito, soksi zisizoteleza na dirisha lisilopitisha upepo. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa usiku. Hewa yake huua mtu akiwa usingizini.

Kwa ruhusa ya mama, nilimpigia simu kifungua mimba wake aliyeko Dar es Salaam. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Mchungaji, hilo bomba linafungwa kimo gani?" Nikamwambia aje ampime mama mwenyewe, amsimamishe pale anapoogea, aone mkono wake unatafuta ukuta wapi.

Wapendwa, Desemba inakuja na wengi wenu mtapanda nyumbani. Mama hatakuambia, kwa hiyo muulize mkiwa wawili tu, kisha mwombe akuonyeshe anavyoingia na kutoka chooni. Mafundi wawili wa usharika wetu wamejitolea kufanya kazi hii bila malipo. Familia itanunua bomba na saruji. Watakuwa nje ya ofisi ya usharika kila Jumapili baada ya ibada ya kwanza. Njooni mwandikishe nyumba za wazazi wenu.