Haki ya Anayevuka Bure

“Kijana, weka breki ya mkono. Kuna watoto huku.”

Aliyesema hivyo ni mama mmoja aliyesimama mbele yangu ndani ya MV Nyayo, kikapu mkononi. Aliyeambiwa ni dereva wa gari dogo ambalo bampa yake ilikuwa inakaribia magoti yetu. Dereva akateremsha kioo.

“Mama, sisi ndio tunaolipa hapa. Nyinyi mwavuka bure, kisha mwatupangia?”

Mama akanyamaza. Na sisi wengine tukanyamaza.

Kama hujawahi kufika Mombasa, feri ya Likoni ndiyo inayotuunganisha sisi wa kisiwani na Pwani ya Kusini. Ni kama nusu kilomita tu ya maji. Magari hulipa kulingana na ukubwa wao. Anayetembea kwa miguu halipi kitu. MV Nyayo ilianza kazi hapa mwaka 1990, pamoja na MV Harambee na MV Kilindini, kwa hiyo imenizidi umri. Imevusha watu chini ya marais wanne. Zimekuja mpya, MV Kwale na MV Likoni mwaka 2010, kisha MV Jambo mwaka 2017. Lakini kazi ni ile ile: gari linaingia kwa mlango huu, linatokea kwa ule, na sisi wa miguu tunajipenyeza katikati.

Siku hiyo nilikuwa naenda kwa mjomba, ambaye sikuwa nimemwona kwa miezi saba. Pengine ndiyo maana maneno ya yule dereva yalinichoma hivyo. Je, ni kweli kwamba asiyelipa hana haki ya kusema?

Jibu la haraka ni kwamba hakuna anayevuka bure. Mama yule ananunua mafuta ya kupikia, ananunua salio la simu, na kila mara anakatwa kodi. Ni jibu zuri, na lingemnyamazisha dereva. Lakini mimi halinitoshi. Ukilikubali, basi umekubali pia kanuni yake: kwamba haki inatokana na kulipa, ila risiti yetu imefichika tu. Sasa mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni, yeye amelipa nini? Na yule asiye na kazi wala shilingi mfukoni? Tukihesabu hivyo, kuna mtu atabaki nje ya hesabu, na kwa kawaida huwa ni yule aliye dhaifu zaidi.

Nadhani haki inaanza pengine. Inaanza pale mlango wa chuma unapoinuka na feri inapoachana na nchi kavu. Kabla ya hapo ningeweza kurudi nyuma. Baada ya hapo siwezi kwenda popote, uhai wangu uko mikononi mwa watu wengine: nahodha, mafundi, na hata dereva mwenye gari lake karibu na magoti yangu. Anayeushika uhai wa mtu anadaiwa uangalifu, awe amelipwa au hajalipwa. Nauli inanunua nafasi ya gari. Haikununui wewe, wala hainunui thamani yako.

Tarehe 29 Septemba 2019, gari moja liliteleza kutoka MV Harambee likazama. Ndani alikuwemo mama na binti yake wa miaka minne. Ilichukua siku 13 kulitoa. Sote tunaovuka hapa tunaikumbuka, lakini kuna jambo ambalo sikuwahi kuliwaza hadi siku ile: wao walikuwa ndani ya gari. Walikuwa upande wa wanaolipa. Maji hayakuuliza. Na miaka 25 kabla yake, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Ukisimama mbele ya msiba kama huo, nani atakuwa na ujasiri wa kuuliza marehemu yupi alikuwa na tiketi?

Hapo ndipo nilipogeuka na kujitazama mwenyewe. Kama breki ya mkono haikuwekwa, mama yule hakuwa anaomba hisani. Alikuwa anatutetea sote, pamoja na dereva. Kusema kwake ilikuwa ni haki, ndiyo, lakini pia ilikuwa ni wajibu. Anayebebwa bure ana macho, na akiona hatari anyamaze kwa sababu “sikulipa”, unyamavu wake utawagharimu waliolipa.

Mjomba anaendesha lori. Miaka mingi amelipia feri hii, na kwa miaka miwili alinilipia na mimi chuo. Watu wa nyumbani walichanga, harambee kabisa, lakini sehemu kubwa ilikuwa yake. Mwezi wa Januari niliacha masomo. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba mtu aliyesomeshwa bure hana mdomo wa kusema “nimeshindwa” au “sitaki tena”. Niliuita unyamavu huo heshima. Mwezi wa Mei akatuma karo nyingine, nami nikaipokea, nikalipia kodi ya nyumba.

Gari lilikuwa linateleza, na mimi ndiye peke yangu niliyeliona.

Feri ilipokaribia Likoni nilimwambia yule dereva, kwa adabu, “Ndugu, mama alikuwa na haki. Tafadhali weka breki.” Alinitazama, akaivuta. Sauti yake ilisikika. Mama hakunishukuru wala sikuhitaji.

Mjomba alikuwa barazani. “Shikamoo mjomba.”

“Marahaba.”

Nikamwambia yote. Aliuliza jambo moja tu: “Na ile ya Mei?”

“Niliila, mjomba.”

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaita ndani niletewe chakula. Yeye hakula. Tulipoagana tulikuwa tumekubaliana nimrudishie pesa za Mei kidogo kidogo. Nikamuuliza kuhusu zile za miaka miwili ya kwanza.

“Hizo nilikupa,” alisema. “Za Mei ulichukua.”