Enyi Wenye Sola Juu ya Paa, Badilini Saa!
Wapendwa, mnazo paneli juu ya paa na bado bili inawala! Utepe ulikatwa, hotuba zikatolewa, wali ukaliwa, na kila mwisho wa mwezi mweka hazina anashika kichwa. Mnashangaa nini, ilhali pampu ya kisima mnaiwasha saa mbili usiku?

Tubuni! Jua la mchana ndilo umeme wa bei nafuu kuliko wote mlio nao, nalo halimngoji mtu. Pampu, hita ya maji, mashine ya kufulia, kinu cha shule, vyote viungurume kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Mlinzi anayejaza tangi usiku ananunua kwa Kenya Power kile kile mlichokiacha kipotee mchana.

Mtaniambia, "Sisi tuna betri." Haya, tupige hesabu. Tuseme betri imewagharimu shilingi 200,000, nayo itatoa yuniti 20,000 kabla ya kuchoka. Basi kila yuniti inayopita humo imekula shilingi 10 za betri, mbali na kinachopotea njiani kuwa joto. Yusufu kule Misri aliweka akiba ya nafaka, lakini hakuwalaza watu njaa katika miaka ya shibe. Lileni jua mchana! Betri ingoje jioni, na zile saa stima inapopotea. Na hizi za asidi msizikamue. Zikishushwa chini ya nusu kila siku, hufa mapema.

Wengine wanajipa moyo kwamba ziada wataipeleka kwenye gridi. Wapeleke, lakini wajue kipimo: kwa kanuni za Kenya za mwaka 2024, ukipeleka yuniti mbili unahesabiwa moja. Yuniti uliyoitumia mwenyewe haikatwi nusu.

Enyi wenye viwanda na hoteli kubwa, kwenu nakaza sauti! Mnatozwa pia kwa kilele cha matumizi yenu. Mashine zote zikiamka kwa pamoja asubuhi moja tu, mwezi mzima unalipia asubuhi hiyo. Zipishanisheni! Na tangu Desemba 2017 umeme wa saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi huuzwa nusu bei kwa viwanda vinavyovuka kiwango cha matumizi vilichowekewa. Kazi isiyowahi jua iangukie hapo. Jenereta liwe la mwisho. La mwisho kabisa!

(Na msimtukane fundi wenu pale inveta isiyo na betri inapojizima stima ikikatika saa saba mchana. Imeundwa hivyo ili isimuue fundi mwingine aliye juu ya nguzo.)

Jumatatu, mweka hazina na fundi waende pamoja kwenye mita. Waisome saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku, wiki nzima, na waandike. Kisha kamati ikae, na asinyanyue mtu mkono kudai paneli za kuongeza kabla daftari hilo halijafunguliwa mezani.