Simu Ni Yangu, Ujumbe Je?



Hapa Zuzu kuna swali linarudi kila tukikaa baada ya Misa: je, kuruti simu ni dhambi? Yaani kuvunja lile kufuli ambalo kampuni imeliweka ndani ya mfumo, ili mwenye simu aweze kubadilisha hata mfumo wenyewe apendavyo. Kuna wanaojibu haraka haraka kwamba kisichoidhinishwa ni haramu. Mimi siafiki. Masharti ya kampuni siyo Amri za Mungu. Marekani kwenyewe, tangu mwaka 2010 sheria ya hakimiliki imeruhusu watu kufungua iPhone zao, na Umoja wa Ulaya umeilazimisha Apple kukubali maduka mengine ya programu kuanzia 2024. Simu umenunua kwa hela ya zabibu zako, ukiiharibu umejiharibia mwenyewe. Busara ndiyo inayotakiwa hapo: programu nyingi za benki zinagoma kwenye simu iliyorutiwa, na mwaka 2021 Kaspersky walikuta kirusi kiitwacho Triada ndani ya FMWhatsApp, moja ya zile WhatsApp za kuchonga.

(Halafu jamani, tusimtaje Mtakatifu Carlo Acutis kila likija suala la teknolojia. Alifariki Oktoba 2006, iPhone ya kwanza ikaingia sokoni 2007. Hili ametuachia wenyewe.)

Mimi huwa nauliza hivi: nyuma ya hilo kufuli yupo nani? Simu ya mkopo, kwa mfano. Unalipa kidogo kidogo, usipolipa inajifunga, na mjini wapo mafundi wa kuifungua. Nyuma yake yupo mtu aliyekuamini, na ipo sahihi yako. Katekisimu, namba 2410, inatudai tushike ahadi na mikataba, ilimradi iwe ya haki. Kama umemaliza deni na bado wamekufungia, hiyo ni kesi nyingine. Au IMEI, ile namba inayotokea ukibonyeza *#06#, ambayo TCRA waliitumia Juni 2016 kuzima simu bandia. Kuibadilisha ni kosa kisheria, na wa kwanza kunufaika ni mwizi. Nyuma yake yupo aliyeibiwa.

Ila ninachokiogopa zaidi hakihitaji hata fundi. Ni GB. Wengi mnayo, najua. GBWhatsApp inaficha tiki za bluu, inapakua stetasi za watu, na inakuhifadhia ujumbe ambao mwenzako ameshaufuta.

Katika kundi letu la vijana, usiku mmoja binti aliandika mambo ya nyumbani kwao. Mazito. Nadhani alikuwa anamwandikia mtu mmoja akakosea mahali pa kutuma. Baada ya dakika mbili tatu akafuta. Jumapili, kabla Misa ya pili haijaanza, nje ya kanisa watu walishajua kila kitu, na skrinshoti ilikuwa inatembea. Kijana aliyeisambaza wala hakuona tatizo. "Kaka, mimi sijaiba. Simu ni yangu, programu imeitunza yenyewe, mimi nimesoma tu."

Nimelifikiria sana jibu lake, maana lina ukweli ndani yake. Hakuvunja kitu cha mtu.

Lakini someni Mwanzo 9. Nuhu alipanda mizabibu (sisi wa Dodoma tunamwelewa), akanywa, akalewa, akalala uchi hemani mwake. Hamu hakuvunja mlango. Aliona tu. Kisha akatoka nje akawaambia wenzake. Shemu na Yafethi wakachukua vazi, wakaingia kinyumenyume ili wasione, wakamfunika baba yao. Wote watatu walikuwa na uwezo wa kutazama. Wawili waliamua kutembea kwa shida, mgongo mbele, kwa sababu ya heshima ya mtu aliyelala na asiyeweza kujifunika.

Aliyefuta ujumbe amejaribu kujifunika. Ile alama ya kwamba ujumbe umefutwa ni ombi: tafadhali, msitazame. GB imetengenezwa ili ombi hilo lisikufikie kabisa. Ndiyo maana naona tatizo liko kwenye kuiweka tu, hata kabla hujasoma cha mtu, kwa sababu umeamua mapema kwamba hakuna atakayejifunika mbele yako.

Kanisa lina kanuni moja inayonifundisha hapa. Sheria ya Kanoni, namba 983, haimfungi padri peke yake kutunza siri ya maungamo. Hata wewe uliyekuwa kwenye foleni ukasikia kwa bahati mbaya, unafungwa kunyamaza. WhatsApp siyo kitubio, sawa. Lakini ona namna ya kufikiri: kusikia hakukupi umiliki wa ulichosikia.

Kijana mwingine akaniuliza, "Na kama nimeshaisoma?" Hamu naye alikuwa ameshaona. Alipotoka hemani bado alikuwa na nafasi ya kurudi na vazi. Kwa hiyo futa skrinshoti, mwambie uliyemtumia naye afute, na ukikutana na yule binti msalimie kama zamani. Kwaya hajarudi. Namba yake ilijitoa kwenye kundi Jumapili ile ile, saa tano asubuhi.