Nani Alikosea, Yeye au Ukoo Wake?

Wiki hii naanza kwa kutubu.

Mama mmoja wa kanisa letu alinijia ofisini, mdomo ameufunika kwa leso. Daktari alikuwa amemwambia ana saratani ya ulimi. Kabla hata sijamwombea nikamuuliza, "Mama, ulikuwa unatumia ugoro?"

Akanitazama tu. "Hapana, Pasta. Hilo swali ndilo limeniweka nyumbani miezi minne."

Kidonda kilikuwa kinakua, naye anaogopa midomo yetu.

Nilisomea biashara, na darasani tulifundishwa kwamba hatari si deni. Sigara, ugoro na pombe huongeza hatari ya saratani ya mdomo, na anayevuta na kunywa pia yuko pabaya zaidi. Hiyo ni kweli. Lakini kuna waliozaliwa na jeni zisizoweza kurekebisha vizuri seli zinapoharibika. Wenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi, huwa kwenye hatari kubwa hata kama hawajawahi kugusa tumbaku. Na wako wanaougua bila sababu yoyote inayoonekana.

Sasa sisi tuna majibu mawili ya haraka: "ni laana ya ukoo," ama "alijitakia." Yote mawili yanatafuta mshtakiwa. Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza hivyo hivyo kuhusu yule kipofu, na Yesu akakataa yote mawili.

Utaniuliza, Pasta, basi tusikemee sigara? Tukemee. Swali la chanzo ni halali nikijiuliza mwenyewe: mimi natumia nini? Ukiacha leo, hatari inapungua kadiri miaka inavyosonga. Na kama kwenu ugonjwa huu umeonekana, hiyo ni sababu zaidi ya kuacha, si kisingizio. Daktari naye aulize, kwa sababu anatibu. Lakini mimi nikimuuliza mgonjwa, hilo swali linageuka jiwe.

Tena nimejiuliza: je, yule mama angejibu ndiyo? Ningemwombea nusu?

Mpendwa, ukiwa na kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki mbili au tatu, doa jeupe au jekundu, ama uvimbe, nenda kwa daktari wa meno. Usingoje. Halafu njoo tuombe pamoja. Ama pitia kwangu kwanza, nikusindikize. Sitauliza ulikuwa unatumia nini.

Ubarikiwe.