Chombo ni cha Nani?

Mpini wa jembe ukivunjika, mkulima haendi kumwomba muuzaji ruhusa ya kutia mwingine. Jembe ni lake. Lakini je, mtu anunuaye simu amenunua nini? Swali hili laonekana dogo, nalo lagusa haki yenyewe.

Watengenezaji kadhaa wa simu hukipa kila kipuri namba yake. Programu ya simu huikagua namba hiyo. Na fundi akitia kioo au betri halisi iliyotolewa katika simu nyingine ya aina ile ile, simu huweza kuikataa, au kuzima baadhi ya kazi zake, mpaka mtengenezaji aidhinishe. Bei imelipwa yote, lakini ufunguo umebaki kwa muuzaji. Twasema wazi: auzaye hivyo hajauza, amekodisha kwa bei ya kuuza.

Huko Marekani sheria zimeanza kulisahihisha jambo hili. Sheria ya California, iliyoanza kutumika Julai 2024, yawataka watengenezaji watoe vipuri, zana na maelezo kwa miaka 7 baada ya kuacha kuunda chombo ambacho bei yake ya jumla ni dola 100 au zaidi. Sheria ya Oregon, iliyotiwa saini Machi 2024, yakataza kufunga vipuri kwa namba ili kumzuia fundi mwingine.

Watengenezaji hujibu kwamba betri huweza kuwaka moto, na kwamba fundi mwovu aweza kuiba siri za mwenye simu. Hoja hizi si za kupuuzwa. Lakini hatari yataka fundi afundishwe, haitaki afungiwe mlango. Tena afichaye maelezo ndiye azidishaye hatari, kwa maana fundi hubaki kubahatisha.

Sheria hizo hazifiki kwetu, bali simu zafika. Fundi wa Kariakoo huletewa chombo kile kile kilichofungwa, na mara nyingi aliyekileta hana fedha ya kununua kingine. Hatuna budi kuwaomba watunga sheria wetu walitazame jambo hili mapema.

Wala sisi wanunuzi tusijisahau. Mwaka 2022 taka za vyombo vya umeme duniani zilifikia tani milioni 62. Haki ya kutengeneza haimfai kitu mtu atupaye simu nzima kwa kuwa jirani ana mpya. Nayo huharibiwa na fundi atiaye kipuri kibovu kwa bei ya kizuri. Tuidai haki hiyo, kisha tuitumie kwa uaminifu.