Mwili wa Mtoto Nao Una Haki

Bismillahir Rahmanir Rahim. Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, wengi wetu tuna jamaa waliohamia bara, na Eldoret ni mmoja katika miji hiyo. Huko, kama huku kwetu pwani, liko jambo ambalo latupasa kulisema wazi: watoto wetu wa sekondari wamechoka, na waliowachosha ni sisi wazee.

Tumchukue mwanafunzi wa skuli ya kutwa. Huamka saa 10 alfajiri kudurusu, hushinda skuli hata jioni, kisha huenda masomo ya ziada ya kulipia, kisha hufanya kazi ya nyumbani mpaka saa 5 usiku. Jumamosi na Jumapili tumempangia madrasa na mashindano ya kuhifadhi Qur'ani. Hesabuni: usingizi wake ni saa 5. Madaktari wa usingizi wa Marekani walieleza mwaka 2016 kuwa kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa 8 hadi 10. Akizikosa siku nyingi, husahau alichosoma, hukasirika upesi, na mwisho moyo wake hukinai kitabu, hata Msahafu. Je, kuna hasara kubwa kuliko hiyo?

Serikali ya Kenya yenyewe imeweka mpaka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza kuwafundisha watoto wakati wa likizo. Kanuni za mwaka 2015 zilitaka masomo ya skuli za kutwa yaanze saa 2 asubuhi na yaishe saa 9 na nusu, na watoto wa bweni walale saa 3 na nusu usiku. Mipaka hii yavunjwa kwa sababu sisi wazazi twalipa ivunjwe.

Mtu atasema: "Elimu haipatikani ila kwa taabu." Ni kweli. Lakini taabu ina kipimo. Abu Dardaa (R.A.) alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku kucha hata akaisahau nyumba yake. Salman (R.A.) alipomzuru alimzuia, akamwambia alale kwanza, na usiku ulipokaribia kwisha wakaamka wakasali pamoja. Alimkumbusha kuwa Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki. Mtume (S.A.W.) alipopewa khabari alisema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada imewekewa kipimo, itakuwaje masomo ya kutafuta cheti yasiwe nacho?

Na watu wa Eldoret wana ushahidi mlangoni mwao. Eliud Kipchoge, aliyefanya mazoezi miaka mingi katika kambi ya Kaptagat karibu na mji huo, alikimbia kilomita 42 na ziada kwa muda usiotimia saa 2 mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Katika kambi ile siku ya mbio kali hufuatwa na siku ya mbio za polepole, na mchana wakimbiaji hulala. Sisi twaijua kailula tangu zamani, na vyuo vyetu vingi vya pwani vilifungwa Alhamisi na Ijumaa ili watoto wapumzike. Mbona tumeyaacha yetu?

Basi, enyi wazee, kaeni na mtoto usiku wa leo, mziandike saa zake 24. Anzeni kwa sala tano na usingizi, kisha skuli, kisha madrasa. Kisichopata nafasi kiondoeni, japo jirani atacheka. Nanyi waalimu wa madrasa, msishindane na skuli katika kumchosha mtoto mmoja. Shaurianeni na wazazi. Na tujiulize nia zetu: je, twamtakia mtoto elimu, au twajitakia sifa barazani?

Mtoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Ewe Mola wetu, wape watoto wetu elimu yenye manufaa na afya ya kuibeba, nasi utupe huruma juu yao. Amin.